Taa Inayokonyeza Chumbani kwa Mluzi

4 Juni

Shangazi,

Ondoa hicho kitambaa kwenye taa ya hita. Nimeanza na hilo kwa sababu Konda anasema basi halikai, na mimi nikianza na salamu huwa nachelewa, unanijua. Taa usiifunike, hata kama inakukera.

Sasa shikamoo. Miguu inasemaje na hii baridi? Mimi mzima, kazi zipo. Msimu wa joto tulikuwa tunahangaika na viyoyozi, sasa kila nyumba inataka hita, mikono yangu imechubuka mpaka kushika kalamu ni shida, kwa hiyo usinicheke mwandiko. Dada anakusalimia. Mtoto wake ameota jino, anauma kila kitu, juzi ameuma hata bisibisi yangu.

Barua yako niliisoma mara nyingi. Uliandika mengi ya mvua na ya jirani yako na kuku wake, halafu chini kabisa, kama umekumbuka tu, ukasema ile hita ya chumbani kwa Mluzi inakukonyeza kama mlevi, ndiyo maana umeitupia kitambaa. Nikacheka. Halafu sikucheka tena.

Nikuambie jambo la kazini. Fundi wangu, huyu tunayemwita Plaizi, akiingia nyumba ya mtu hashiki kitu. Anavuta kigoda anakaa mbele ya ile mashine, anakunja mikono, anaangalia taa. Watu wanadhani amelala. Mama mmoja alimwambia, wewe baba nimekuita kutengeneza, sikukuita kupumzika. Akajibu, mama, mgonjwa anaongea, unataka nimkatize? Maana ile taa haikonyezi ovyo. Inakonyeza kwa hesabu, halafu inapumzika, halafu inarudia. Kila hesabu ina ugonjwa wake. Wiki iliyopita tulikuta kiyoyozi cha ofisi wamekibandika plasta ya kidonda kwenye taa ili isiwasumbue. Maji yalikuwa yanashuka ndani ya ukuta muda wote huo.

Kwa hiyo naomba uniambie. Taa ni nyekundu au ya njano? Inakonyeza mara ngapi kabla ya kupumzika? Na hita yenyewe inawaka au inazima?

Na kama si vibaya kuuliza, unawasha hita ya kule kwa nini, wakati chumba hakina mtu?

Mimi Bubu wako.


19 Juni

Bubu,

Marahaba. Miguu ipo, inanifikisha dukani na kunirudisha, sina cha kuidai. Huyo mtoto mwambieni mama yake ampe karoti aitafune, aache bisibisi. Jirani yangu bado ananuna, anasema kuku wake wanataga kwangu. Nimemwambia kuku si kiziwi, ukimwita vizuri atarudi. Cherehani inafanya kazi, nina sketi za wanafunzi mpaka dari.

Barua yako ilikaa kwa Konda muda mrefu, alikuwa na homa. Mke wake ndiye aliyenipigia hodi kuniletea. Akaniambia, mama, si uwashe simu tu, mtoto akupigie? Nikamwambia simu imelala kabatini na italala humo humo. Ilishaniambia habari moja, sihitaji ya pili.

Umeuliza taa, nakujibu taa. Nyekundu. Inakonyeza mara tatu, inapumzika, tatu tena. Zamani ilikuwa ikifanya hivyo hita inazima yenyewe, nabonyeza kitufe inawaka, inazima, nabonyeza. Nikachoka kukaa nayo kama mtoto wa kunyonya. Nikachonga kijiti, nikakichomeka pembeni ya kitufe kikabana. Tangu hapo haizimi. Inakonyeza tu, na kukonyeza hakujawahi kumuua mtu. Ningekuwa nimeolewa na wote walionikonyeza ujana wangu, ningekuwa na kijiji.

Umeuliza pia kwa nini nawasha hita chumba kisicho na mtu. Nimehamia humo. Nalala kitanda chake. Chako nimekiacha kilivyo, kimetandikwa. Chumba changu kina baridi na upepo unaingia. Huku kwa Mluzi hakuingii upepo hata chembe.

Kichwa kinanisumbua kidogo, hasa nikiamka. Ni macho, ni huku kutunga uzi kwenye sindano.

Nitakuambia kitu na usikipeleke kwa dada yako, maana yeye hana breki mdomoni. Siko peke yangu humu. Alasiri nikijinyoosha kidogo, namsikia. Anapiga ule mluzi wake, ule wa kushuka halafu kupanda, aliokuwa anaupiga akitoka na lori pale kona. Haujakaribia, uko kama ukutani. Halafu droo inafunguka. Sijafumbua macho. Naogopa nikifumbua ataona haya aondoke.

Usijibu hilo. Jibu la taa.

Shangazi yako.


1 Julai

Shangazi, shikamoo.

Hapa wote wazima, isipokuwa mume wa dada ameteguka mguu akicheza mpira na watoto, sasa anatembelea fimbo na kutuamrisha kama mfalme. Nimefurahi kusikia sketi ni nyingi. Plaizi amenipa begi la vifaa la kwangu peke yangu. Ni la zamani, zipu mbovu, lakini ni langu.

Najibu la taa kama ulivyosema.

Nilimuuliza Plaizi. Sikumwambia ni wewe, nilimwambia ni mteja. Tulikuwa juu ya paa, yeye anafunga waya. Nikamwambia, nyekundu, tatu, inapumzika. Akaacha waya. Akasema tatu ni hewa. Hita ya gesi inapumua kama mtu, inavuta hewa safi chumbani na kutoa moshi kwa lile bomba linalopanda ukutani. Tatu maana yake hewa haiingii au moshi hautoki. Ndiyo maana ilikuwa inajizima, ilikuwa inajikinga. Akaniuliza, na bado inawaka? Nikamwambia mteja amebana kitufe kwa kijiti.

Shangazi, sijawahi kumwona Plaizi akishuka ngazi haraka vile.

Aliniuliza maswali mengine tukiwa chini. Kama mteja anaumwa kichwa. Kama analala sana mchana. Kama kuna vitu anavisikia. Nilijibu sijui, nitamuuliza. Akaniambia na mambo mengine, nitakuambia nikija.

Sasa naomba sana. Toa kile kijiti. Funga mtungi wa gesi kule nje, koki unaizungusha kulia mpaka ikatae. Fungua dirisha la chumba cha Mluzi, lote, na mlango. Lala chumbani kwako na blanketi mbili, ile yangu ya kijivu ichukue. Baridi itakutesa kidogo tu, nitakuja kuitengeneza wiki nitakayoruhusiwa.

Halafu nenda ukaangalie kwenye ukuta, chini kabisa, nyuma ya kitanda changu. Kuna tundu lina wavu, na lingine liko juu karibu na dari. Yale ni ya hewa. Angalia kama hayajaziba. Panya huwa wanaweka takataka, au buibui. Niandikie umekuta nini.

Uliandika huku kwa Mluzi hakuingii upepo hata chembe. Zamani ulikuwa unaingia. Tulikuwa tunagombana nani alale upande wa ukuta kwa ajili ya huo upepo. Naandika tu.

Bubu.


17 Julai

Bubu,

Marahaba, marahaba. Wote hapa wazima. Kuku wa jirani wanataga kwangu na yeye ananuna. Nimemwambia kuku si kiziwi.

Mume wa dada yako mpe pole ya mguu. Au ulisema ni mkono. Barua yako niliiweka mahali, nitaiangalia.

Taa nimeifunua kama ulivyosema. Sasa anaiangalia yeye. Jana alikaa kwenye ukingo wa kitanda, godoro likashuka upande wake, nikalisikia linashuka. Ameingia na viatu na sikumkataza. Alikuwa na ile harufu yake ya dizeli na sabuni. Nikamuuliza umekula, akasema nimekula njiani. Ndivyo alivyokuwa anajibu siku zote, unakumbuka, hata kama hajala.

Ameuliza habari zako. Anasema mbona kitanda cha mwenzangu kimetandikwa muda wote, kwani halali nyumbani siku hizi. Nikamwambia uko kazini. Akacheka, akasema Bubu kazi gani hiyo, anaongea na mashine?

Dirisha halifunguliwi. Usiniambie tena habari ya dirisha.

Sketi zimenikwama kidogo. Uzi unakataa kuingia. Naketi kwenye cherehani nasahau nilikuwa nashona nini, narudi kulala. Hapa wote wazima. Jirani ananuna habari ya kuku.

Ukija, mletee soksi. Anasema miguu inapoa.

Shangazi.


18 Julai

Shangazi, shikamoo.

Barua yako imeingia leo asubuhi na hii inarudi na basi lile lile, Konda amekubali nikae kwenye kiti chake niandike wakati wanapakia mizigo. Sina habari za nyumbani, wote wazima.

Nilinyamaza kwa adabu. Wewe ndiye uliyenilea, mimi ni nani nikuambie hiki kipo na hiki hakipo. Lakini Plaizi aliniambia kitu kule chini ya ngazi na sasa nakuandikia kama alivyokisema.

Alisema zamani aliitwa kwenye nyumba moja, taa inakonyeza tatu. Watu wa nyumba ile walikuwa wanasikia nyayo darini. Walihama chumba, wakarudi, mpaka jirani akawaambia labda ni hita, mwiteni fundi. Wakasitasita. Alipofika alimkuta bibi mmoja amekaa kitandani anaongea na mumewe, na mume huyo alishazikwa. Bibi amechangamka kweli, anamkaribisha Plaizi, anamwambia msalimie mzee. Plaizi akauliza wengine wako wapi. Bibi akasema wamelala. Walikuwa wamelala kweli, na hawakuamka. Kwenye bomba kulikuwa na kiota cha ndege.

Moshi huo hauna harufu, Shangazi. Haumkohozi mtu. Unaingia taratibu, kichwa kinauma, mwili unalegea, halafu unakuletea watu. Ndivyo Plaizi alivyosema, unakuletea watu, halafu unakuchukua.

Kuna jingine. Nilimwomba Konda apite nyuma ya nyumba yako aangalie yale matundu kwa nje, kwa sababu jibu lako lilikuwa limechelewa. Nisamehe kwa kukutumia mtu akuchungulie. Ameniambia leo. Alisema, Bubu, kule ukutani kuna mkono wa shati umetokeza, wa mirabamiraba, unapepea na upepo kama mtu amekwama ndani anataka kutoka. Konda ni mtu wa utani lakini hakuwa anatania, alikuwa anajipangusa uso.

Lile shati nalijua.

Sikuulizi kwa nini. Konda akikupa barua hii hataondoka. Nimemwambia afunge gesi mwenyewe, afungue dirisha mwenyewe, na ukimfukuza akae kibarazani. Ukimtukana ameshakubali, anasema abiria wanamtukana kila siku na hawamshonei suruali. Mke wake atalala kwako. Mimi nakuja na basi la Jumamosi na begi langu.

Bubu.


12 Agosti

Kwako wewe mtoto wa kaka yangu,

Natumai hujambo na wote hapo hawajambo. Mimi sijambo. Kichwa kimeacha kuuma. Macho yamerudi, natunga uzi bila miwani. Sketi zote nimezimaliza, mwalimu amekuja kuzichukua akanisifia mishono. Jirani na mimi tumepatana, tunagawana mayai. Mke wa Konda amerudi kwake, ni mwanamke mwema lakini anakoroma kama trekta.

Hita ni nzima. Taa ni ya kijani, imetulia, haipepesi. Unaweza kumwambia fundi wako.

Uliondoka nikiwa sijakuambia kitu, na wewe hukuniambia kitu, tulikaa kibarazani siku nzima kama watu wanaosubiri basi. Kwa hiyo nakuandikia.

Walipomleta Mluzi, baada ya watu kutawanyika, niliingia chumbani kwake. Harufu yake ilikuwa imejaa humo. Si ya kwenye nguo tu, ya chumba kizima, kama amegeuka tu kwenda kuoga. Siku ya pili ikapungua. Siku ya tatu nikasimama katikati ya chumba nikahisi upepo kwenye vifundo vya miguu, nikajua ile harufu inapotelea wapi. Ilikuwa inatoka kwenye yale matundu. Mwanangu alikuwa anatoka kidogo kidogo ukutani. Nikachukua nguo zake nikaziba. Chini, juu, kingo za dirisha, chini ya mlango. Nikashindilia kwa kijiko cha mbao. Mama yeyote angeziba.

Na ikakaa, Bubu. Miezi yote ile ikakaa. Halafu na yeye mwenyewe akaja.

Wewe ukaja ukatoa zote. Hilo sikulaumu, ulikuwa unafanya kazi yako, na Konda amenieleza nilivyokuwa, ati nilimwita kwa jina la marehemu baba yangu. Nimeelewa kwamba ningekufa. Usinieleze tena, si mtoto.

Lakini ulizifua. Nilitoka uani nikakuta mashati yake yote yako kwenye kamba, yamefuliwa kwa sabuni, yamekamuliwa, yanadondosha maji. Na wewe umesimama pembeni na beseni, umefanya kazi nzuri, mikunjo yote umeinyoosha. Nikashindwa hata kulia.

Sasa chumba kinanuka rangi na chuma. Najinyoosha alasiri, nasubiri, nasikia ile hita inapumua vizuri kabisa, na hakuna mtu.

Nina swali na wewe ndiye fundi. Kile kidude kipya ulichofunga pembeni, kinachonusa hewa. Nimejaribu. Niliziba tundu la chini kwa gunia, nikakaa. Hita ikajizima. Nikatafuta kitufe cha kubana, sikukiona, umekiondoa. Niambie hicho kidude kinafunguliwaje. Sitaki kukaa humo kutwa. Alasiri tu, kidogo, halafu nafungua dirisha. Najua kipimo changu. Nimeishi na sindano na mashine miaka yote hii na sijawahi kujishona kidole.

Hajamaliza kuniambia alichokuwa anasema. Alikuwa anaanza kuniambia habari ya siku ile, ile kona lori lilipopindukia, ilikuwaje. Mkafungua dirisha.

Niambie tu kinafunguliwaje. Sikuombi kingine tena.

Shangazi yako.


15 Agosti

Shangazi, shikamoo.

Dada hajambo, mtoto ameota na la pili. Shemeji ameweka fimbo chini. Plaizi anakusalimia, sasa anajua mteja ni nani.

Sitakuambia kinafunguliwaje.

Nimeandika mstari huo nikaukata, nikauandika tena. Sijawahi kukunyima kitu, na sijui kama nilishawahi kukujibu vile. Ungekuwa mbele yangu nisingeweza. Ndiyo maana hii sitampa Konda, nitaibeba mwenyewe mfukoni, nikifika nitakupa ukae kibarazani usome, mimi niingie ndani niangalie hita. Ukimaliza kusoma unaweza kunipiga.

Uliandika nimefanya kazi nzuri na beseni. Nikuambie ilivyokuwa siku ile. Ulipokuwa kwa mke wa Konda unakunywa chai, mimi nilikuwa chumbani na ile hita. Nilitoa mashati, mengine kwa koleo kwa sababu uliyashindilia kweli. Lile la mirabamiraba lilichanika mkono, mkono ukabaki nje na shati likabaki kwangu. Nikatoa kijiti. Nikasafisha bomba, masizi yalikuwa yamejaa. Nikafunga kidude. Nikafungua kila kitu, upepo ukaingia, ule wa zamani.

Halafu sikuondoka. Kazi ilikuwa imeisha lakini nilikaa kwenye kitanda changu, yale mashati mapajani, nikaangalia kitanda chake. Nilisema moyoni, kama ni moshi ndio unamleta, moshi haujaisha wote, labda umebaki hata kidogo kwenye kona. Nilisubiri. Nilifumba macho ili asione haya. Nilitaka na mimi anicheke, aseme Bubu kazi gani hiyo. Wewe ulimpata, Shangazi. Alikaa na wewe, akakuambia amekula njiani. Mimi sikupata hata mluzi. Nilimsikia jirani akiita kuku, basi.

Nikafikiria kufunga dirisha. Nilisimama kabisa nikalishika. Mimi niliyekuandikia habari ya yule bibi, mkono wangu ulikuwa kwenye komeo.

Ndipo nikachukua beseni. Sikufua kwa usafi. Nilifua kwa sababu nilikuwa nimeyanusa, lile la mirabamiraba na mengine yote, na hayakuwa yananuka yeye. Yalikuwa yananuka masizi. Naapa, Shangazi. Ile harufu uliyokuwa unaisikia haikuwa kwenye nguo tena, nadhani ilishaondoka siku nyingi. Nilikuwa nimeshika nguo za mtu mwingine. Niliogopa ungekuja uyanuse ukajua, nikayatia majini haraka kabla hujarudi, ili uwe na mtu wa kumkasirikia. Sikupanga vizuri hivyo, nimefikiria baadaye. Siku ile nilikuwa naogopa tu.

Kuhusu kona, alichokuwa anataka kukuambia. Yule utingo aliyekuwa naye kwenye lori yuko hai, anafanya kazi stoo ya matairi, karibu na karakana yetu. Nampita kila siku na sijawahi kumsalimia, nainamisha kichwa. Ananijua. Juzi baada ya barua yako niliingia stoo nikasimama mbele yake, akaniambia kaa. Nilikaa juu ya tairi. Sikumuuliza habari ya kona, alinipa maji. Lakini amesema yuko tayari kuongea na mama. Kasema hivyo, na mama, hakusema na mimi. Sijui kama unataka. Yeye anapumua, ana mguu mmoja mbovu, na alikuwepo. Ukitaka nitamleta, na tutakaa nje, au ndani madirisha wazi, utakavyosema. Habari ya kona iliyobaki iko kwake. Kule ukutani hakukuwa na mtu anayeijua, ulikuwa unaota tu.

Nimeandika neno hilo, nisamehe, naliacha.

Nitalala kitanda changu. Plaizi amesema nikae mpaka baridi iishe, kuna hita nyingi huko kwenu na yeye hana mtu upande huo. Hata kama angekataa ningekuja. Nikikoroma nitupie kiatu, ndivyo alivyokuwa anafanya yeye.

Konda ameshaniita mara mbili na sasa anagonga bati la basi kwa ufunguo, watu wananiangalia. Lazima niondoke sasa hivi, kwa sababu ameniambia ulikwenda kwa yule fundi baiskeli wa sokoni, ukamweleza una kidude ukutani unataka kitolewe, naye hajui ni kitu gani, amekubali, anakuja kesho asubuhi na spana. Nataka akifika anikute nimekaa mlangoni.

Bubu.